Uzi wa Namba

Alikuja kwangu mara ya kwanza, soko la Mwanga,
jezi imefungwa kwenye gazeti lenye mafuta ya mawese,
akataka kumi na moja mgongoni.
"Winga," alisema, kama mtu anayetaja ukoo wake.
Sudi Kilahumba, mtoto wa Katubuka,
miguu myembamba, vumbi jekundu mpaka magotini.
Nikakata kitambaa cheupe, nikakanyaga cherehani.
Alinilipa dagaa, kisado kimoja, wakavu kwelikweli.

Miezi mitatu, huyo karudi.
Beki wa kulia kavunjika mguu mechi ya Uvinza,
kocha kauliza nani anaweza,
yeye kajibu naweza.
Nikafumua kumi na moja, nikashona mbili.
Na kufumua ni kazi, usidhani:
wembe unapita chini ya uzi, pole pole,
kitambaa kinabaki na vitobo vitobo
kama ngozi iliyopona tetekuwanga.

Mwaka uliofuata, sita.
Halafu nane, majuma mawili tu.
Halafu tisa: straika kafuata mke Kasulu, hakuonekana tena.
Naweza. Naweza.
Neno lilimtoka kama kikohozi.

Tabora ndiko walikompa jina.
Walikwenda kwa treni, daraja la tatu, usiku kucha wamesimama.
Kipa akala nyekundu dakika ya themanini,
na wa kuingia hakuna, akiba imekwisha.
Sudi akavaa glavu za mtu mwenye mikono ya jembe,
akazikaza kwa kamba za viatu,
akapangua penalti kwa goti, wengine wanasema kwa uso,
wanabishana mpaka leo.
Uwanja mzima, wenyeji kwa wageni: Kiraka! Kiraka!

Mimi fundi. Kiraka nakijua.
Hukikati kwenye kitambaa kibovu.
Ndicho kinachobeba pale nguo iliposhindwa,
na bado hakuna bibi harusi aliyewahi kukiomba.

Dar walimchukua msimu mmoja.
Thelathini na tatu, imechapwa kwa mashine, haifumuliki.
Alikaa benchi, akarudi mnene kidogo, na begi zuri.
Hakusimulia kitu. Akaweka jezi ya zamani mezani:
"Mama Tatu, nipe tano."

Halafu redio wakachagua kikosi bora cha mkoa, miaka kumi.
Nilisikiliza huku napinda mashuka ya watu.
Kipa, mabeki, viungo, mpaka kocha, mpaka daktari wa timu.
Sudi hamna.
Jioni mtangazaji akaja kufupisha suruali, nikamuuliza.
Akakuna kichwa.
"Sasa mama, tungemweka wapi?"
Suruali yake niliikata vidole viwili zaidi ya alivyopima.

Goti limekwisha sasa. Miaka thelathini na sita,
anachechemea akipanda kutoka Kibirizi,
akisimama njiani kama anayesalimia watu.
Klabu wanataka kumuaga kwa mechi.
Katibu kaniletea jezi mpya, bluu,
mgongo wake haujaonja sindano.
Kamati nzima wamegombana: mbili? sita? ile moja ya Tabora?
Chai imepoa, mtu kapiga meza,
mwisho wakasema muulize mwenyewe.

Kwenye kopo la siagi nimetunza zote nilizozifumua,
zimekunjamana kama ndimi.
Nikazimwaga mbele yake.
Chagua, nikamwambia. Safari hii hupewi
kwa kuwa fulani kaumia. Hii yako.

Akazigeuza geuza, moja moja,
kama anayetafuta nyanya isiyobonyea.
Tisa akaitazama muda mrefu. Akairudisha.
Halafu akainua macho.
"Jumamosi," akauliza, "ipi haina mtu?"